Mtama wa Mama

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili. Aukosaye hana wa pili. Mwaka mmoja nilipanda mahindi, nikamcheka mama yangu, aliyelelewa kwa masimulizi ya njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, kwa kung'ang'ania mtama. Februari mvua ikakatika. Mahindi yangu, yaliyokuwa yakichanua, yakakauka. Mtama ulisinyaa, ukangoja, ukafufuka mvua iliporudi. Mwaka ule nililishwa na shamba nililolicheka. Nilijifunza kuwa neema ya mvua haipimwi kwa wingi wake tu, bali kwa siku zake pia. Siku hizo hatuziamuru. Mbegu twaichagua wenyewe.