Mchezo ambao aliyeshindwa hakupoteza kitu

Ukiwauliza watu wa rika langu waliokulia Muleba katika miaka ya 1990 walikuwa wakisikiliza nini redioni, watakutajia mpira, salamu, taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Wachache sana watakutajia chemsha bongo. Michezo ile ya maswali na majibu ilipita hewani kama upepo wa ziwa, ikaburudisha, ikaondoka, na leo hakuna anayeidai. Nimeona niikumbuke katika ukurasa huu wa familia kwa sababu hivi karibuni kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake, ilijikuta ikijadili kwa zaidi ya saa moja jambo ambalo watu wa redio ile walikuwa wamekwisha kulitatua bila kelele.

Asili ya mchezo huu si redio wala televisheni. Kabla ya vyombo hivyo wazee wetu walikuwa na kitendawili, na kitendawili kina kanuni zake zote: mwenye kuuliza, wenye kujibu, muda wa kufikiri, na zawadi. Mmoja husema "Kitendawili!", wengine huitika "Tega!" Wakishindwa kujibu, mtegaji hudai apewe mji. Nyumbani kwetu Kamachumu, ambako vitendawili vya Kihaya na vya Kiswahili vilichanganyika katika jiko moja, bibi amewahi kupewa Bukoba, Mwanza na Kampala katika usiku mmoja. Aliipokea miji ile kwa heshima zote, akatueleza alivyofika huko na alivyokirimiwa, ndipo akatoa jibu. Asubuhi Mwanza ilikuwa palepale, na hakuna aliyepungukiwa na chochote. Ila sisi tulioshindwa tulikuwa tumeongeza jibu moja vichwani mwetu.

Redio ilipokuja, ilichukua mchezo uleule ikaupanua. Wakati huo sauti iliyotufikia ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo baadaye ilikuja kuwa sehemu ya shirika tunalolijua leo kwa jina la TBC. Redio ya babu ilikaa juu ya kabati, na betri zake zilipochoka zilianikwa juani juu ya mkeka mmoja na buni ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Betri zilikuwa ghali, hivyo redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari na kwa vipindi vichache vilivyostahili, na chemsha bongo ilikuwa miongoni mwa vilivyostahili.

Jioni moja mtangazaji aliuliza chanzo cha mto Nile. Mshiriki akajibu kuwa ni Ziwa Victoria, akapewa alama zake, watu wakapiga makofi. Babu hakupiga makofi. Alilisogelea kabati lile kana kwamba mtangazaji yumo ndani, akauliza: "Na ziwa lenyewe, Mwalimu, linajazwa na nani?" Kisha akatugeukia sisi wajukuu na kutueleza habari za mto Kagera, unaotoka katika milima ya Burundi na Rwanda, ukapita Kyaka na kuingia ziwani kaskazini mwa Bukoba, na kwamba hakuna mto unaoleta maji mengi zaidi katika ziwa lile. Mjadala ule ulidumu siku tatu. Ulifika kwa jirani, ukafika msikitini baada ya sala ya Isha, na mwisho ukafika shuleni, ambako mwalimu wetu wa jiografia alituchorea ramani ubaoni na kutueleza kuwa majibu yote mawili yana watetezi wake. Swali la nusu dakika lilitufundisha jiografia ya siku tatu, na kati yetu hakuna aliyelipa senti.

Majirani zetu nao walikuwa na michezo yao. Kenya, wakati shirika lao la utangazaji likiitwa Voice of Kenya, kulikuwa na mchezo wa televisheni ulioitwa Omo Pick-a-Box, ukiendeshwa na mtangazaji Fred Obachi Machoka. Jina lake linafanana na la mchezo wa zamani wa Australia, Pick a Box, ambao ulionyeshwa katika televisheni ya huko kuanzia mwaka 1957 hadi 1971. Katika mchezo ule wa Australia mshindani alijibu maswali kwanza, kisha akapewa mtihani wa pili: achukue fedha anazoziona, au achukue sanduku lisilojulikana lina nini. Ukiutazama vizuri, mchezo huo ulikuwa na vyumba viwili: chumba cha elimu, na nyuma yake chumba cha bahati. Naomba msomaji akikumbuke chumba hicho cha pili, maana tutakirudia.

Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Bukoba, ulianza mchezo ulioleta msisimko mkubwa kwa vijana wa umri wetu. Uliitwa Celtel Africa Challenge, ukawakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda, timu ya watu wanne dhidi ya nyingine, na mwuliza maswali alikuwa John Sibi-Okumu wa Kenya, mtu mwenye sauti ya utulivu isiyomcheka aliyekosea. Tuliutazama sebuleni kwa jirani, kwa umeme ambao mkoa wetu ulikuwa ukiupata kutoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, na umeme ulipokatika katikati ya swali tulibaki gizani tukibishana jibu. Kampuni ilipobadili jina, mchezo nao ukawa Zain Africa Challenge, ukaongeza nchi nyingine za Afrika. Kampuni ilipouzwa tena mwaka 2010, mchezo ukatoweka. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tumeona vijana wa Kiafrika wakishangiliwa kwa sababu ya wanachokijua, kama wanavyoshangiliwa wafungaji wa mabao.

Na jambo hili si letu peke yetu. Kanada walikuwa na mchezo wa wanafunzi wa sekondari ulioitwa Reach for the Top, ulioanza Vancouver mwaka 1961 na kuendelea katika televisheni ya taifa, CBC, hadi mwaka 1985. Mmoja wa waendeshaji wake, Alex Trebek, alihamia Marekani na kuongoza mchezo wa Jeopardy! kuanzia mwaka 1984 hadi alipofariki mwaka 2020. Dunia inamkumbuka kwa mchezo wa Marekani. Ule wa watoto wa shule za Kanada wanaukumbuka wachache waliokuwapo. Ndivyo ilivyo kwa michezo hii kila mahali. Kanda za kurekodia zilikuwa ghali, na hata mashirika makubwa kama BBC ya Uingereza yalifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 ili kanda zitumike upya. Taarifa ya kifo cha kiongozi huhifadhiwa. Swali aliloulizwa mtoto wa shule na jibu alilolitoa nani atalihifadhi? Hubaki kwa aliyesikia, na aliyesikia akiondoka, limeondoka.

Sasa nirudi katika kikao cha kamati yetu. Ajenda ya nne ilikuwa mashindano ya maswali kwa watoto wa madrasa, wavulana na wasichana, kutoka Kashai, Hamugembe na Rwamishenye. Wazo lilikubaliwa na wote. Ugumu ulikuja katika zawadi. Mfuko wa kamati ulikuwa mtupu baada ya ukarabati wa paa, hivyo mjumbe mmoja, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kila mtoto alete shilingi 500, fedha zikusanywe, na mshindi apewe zote. Wajumbe wengi wakatikisa vichwa kuafiki. Nilikuwa nimeanza kuliandika azimio katika muhtasari pale mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alipoomba nafasi.

"Katibu, usiandike kwanza," alisema. "Mtoto akileta mia tano yake, akashindwa, mia tano ile imekwenda wapi?"

Ukumbi ulinyamaza. Kila mmoja pale alijua kwa nini mzee yule anauliza. Mwaka mmoja kabla, kijana wa nyumbani kwake alitumwa kuchukua malipo ya kahawa ya familia, akarudi siku ya pili mikono mitupu. Fedha zote zilikuwa zimeingia katika simu, kwenye kubashiri mechi za timu za Ulaya ambazo hajapata kuziona. Vijana wetu huita karatasi hiyo ya ubashiri "mkeka," na ikishindwa husema mkeka umechanika. Mzee aliwahi kuniambia kuwa neno hilo humuuma kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa yeye mkeka anaoujua ni wa kusalia na wa kuanikia kahawa.

Imamu wetu alieleza kwa ufupi. Kamari iliyokatazwa katika Suratul-Maida haikosi sura moja: kila anayeingia anaweka kitu chake, kisha mmoja anaondoka na vya wenzake. Swali linaweza kuwa la elimu, nia inaweza kuwa njema, lakini ikiwa zawadi imetoka katika mifuko ya walioshindwa, mlango umefunguliwa. Zawadi ikitolewa na asiyeshindana, ili kuwatia watoto hamu ya kusoma, hapo hakuna aliyekula cha mwenzake. Kisha akatukumbusha kisa ambacho Imamu Bukhari amekiweka katika mlango wa elimu: Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba wake ni mti gani usiopukutisha majani na unaofanana na Muislamu. Watu wakafikiria miti ya jangwani. Abdullah bin Umar, aliyekuwa kijana mdogo kati yao, alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye baba yake alimwambia kuwa angefurahi mno kama angelisema. "Basi," alisema Imamu, "kuwauliza watu ili kupima elimu yao si jambo geni kwetu. Na mtoto anayejua apewe nafasi ya kusema."

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya michezo ile tuliyoisahau. Katika kitendawili cha bibi, mji uliotolewa haukumpunguzia mtu. Katika chemsha bongo ya redio, aliyeshindwa alirudi nyumbani na nauli yake, na sisi wasikilizaji tulibaki na jibu. Leo simu hiyohiyo ambayo ingeweza kubeba maswali ya aina ile imejaa chumba cha pili peke yake: sanduku bila swali, bahati bila elimu. Na tofauti na sanduku la zamani, hili halifunguki mpaka kwanza ulipe. Hata sheria ya nchi ya mwaka 2003 inaita shughuli hii kwa jina lake, michezo ya kubahatisha, na kuwakataza walio chini ya miaka 18. Lakini simu ya baba ikiwa mkononi mwa mtoto, nani anauliza umri?

Tukaandika azimio lingine. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, asiyetaka atajwe, alinunua kamusi, madaftari na mikoba. Watoto hawakutoa hata senti. Mashindano yalifanyika Jumamosi baada ya Alasiri katika uwanja wa madrasa. Maswali yalikuwa ya Qur'ani, ya sira, ya hesabu na ya mkoa wetu. Kila jibu lilipokosewa, lilitolewa mara moja na kuelezwa, ili asiwepo aliyeondoka mtupu. Binti wa miaka kumi kutoka Hamugembe, aliyekuwa akinong'ona majibu sahihi bila kunyoosha mkono, aliambiwa na mwalimu wake asimame aseme kwa sauti. Alisema. Timu yake haikushika nafasi ya kwanza, lakini tangu siku hiyo, mwalimu ananiambia, hanong'oni tena.

Wazazi wenzangu, hatuna haja ya kusubiri redio wala televisheni itufufulie michezo hii. Nusu saa baada ya Isha, simu zikiwa pembeni, inatosha. Waulizeni babu na bibi maswali waliyoyasikia redioni na vitendawili walivyotegewa, muyaandike katika daftari, kwa kuwa hakuna kanda iliyoyahifadhi. Wekeni zawadi ndogo ya kunde au karanga za kuchemsha, na aliyeshindwa naye ale.

Usiku ule wa Jumamosi, saa tano kasoro, simu yangu iliita. Alikuwa mzazi mmoja wa Rwamishenye, na nyuma yake nilisikia sauti za watoto na za mkewe wakibishana wote kwa pamoja.

"Samahani sana, Katibu, najua umelala. Swali la saba jibu lake ni lipi? Humu ndani hatulali."