Kilima cha Harlem

Mimi na binti yangu tulishuka treni namba 1 kituo cha Mtaa wa 137, tukapanda kilima hadi City College. Mkobani nilikuwa na barua ya chuo cha binafsi kilichomkubali asome uchumi, pamoja na mkopo wake wa kutisha. Hapa mkazi wa jimbo la New York hulipa kiasi cha dola 7,000 kwa mwaka. Lakini wazazi, lazima awe ameishi jimboni miezi 12 kwanza. Kenneth Arrow alihitimu hapa 1940, enzi za elimu ya bure. 1972 akapata Nobel ya uchumi. Binti hakujali Nobel. Alihesabu vidoleni: miaka minne, bila deni. Kisha akanuna. Ataendelea kulala kwangu.