Ihembe Masika Yanapoingia

Asubuhi ya Machi, bodaboda ikishaiacha Omurushaka, baridi ya Karagwe inapenya hadi ndani ya koti. Barabara ya udongo mwekundu inateleza kwa mvua ya jana, na kila penye tope dereva ananishusha. Nashuka kwa furaha, maana nikiwa kwa miguu ndipo nasikia ndege.

Ihembe ni migomba na mibuni. Kwarara wanaamsha watu kwa kelele za mdai aliyechoka kusubiri deni. Kwenye maua ya migomba chozi wananing'inia kichwa chini, wakifyonza utamu. Bondeni korongo taji wawili wanapigapiga miguu kwenye majani mabichi ili panzi waruke, kisha wanawadonoa. Uganda imemweka huyu kwenye bendera yake. Tangu 2012 yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Hapa anakula kando ya shamba la maharage.

"Karibu mwanangu, kaa kwanza," ananiita mzee mmoja, na kabla sijajieleza kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kimefika: buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa. Chungu, halafu tamu kwa mbali. Mama anapakua ndizi na maharage, moshi wa kuni bado umo ndani ya mchuzi.

Mvua inapiga bati hadi mazungumzo yanakatika. Ikiisha, kumbikumbi wanafumka ardhini, na mbayuwayu wanapita chini kabisa, karibu waguse mabega yetu. Keremkerem mmoja kakamata nyuki. Anampigiza na kumsugua kwenye tawi mpaka sumu imtoke, ndipo anammeza. Wote hawa wanajaza matumbo kwa safari: wiki chache tu watakuwa juu ya Sahara, wakielekea Ulaya.

Namsimulia mzee kwamba huko zamani wapo walioamini mbayuwayu hulala matopeni msimu wa baridi. Mwaka 1822 akauawa Ujerumani korongo mweupe mwenye mshale wa Kiafrika shingoni, ndipo wengi wakasadiki kuwa ndege hawa huja huku.

"Si wangetuuliza?" anasema mzee, akicheka.

Mama ana lake: "Njoo Novemba, uwakute wamerudi, na senene watakuwepo." Dereva anapiga honi tena. Tope la jioni, anasema, ni baya kuliko la asubuhi.