Ripoti ya Duka Ilivyohamia Kiganjani

Ripoti ya kwanza ya biashara iliyowafikia wenye maduka wa Buhongwa kwenye kioo cha simu ilikuwa ujumbe wa muamala. Kabla yake hesabu zilikaa kwenye kaunta buku: mauzo, matumizi, na kurasa za nyuma walikoandikwa wateja wanaodaiwa. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, muuza saruji au mchele kando ya barabara ya Mwanza–Shinyanga akaanza kupokea maandishi mafupi yenye namba ya muamala, neno “Imethibitishwa”, kiasi, jina la mtumaji, tarehe na salio jipya. Hakuna aliyeuita ujumbe huo ripoti, ingawa uliifanya kazi hiyo vizuri kuliko nyaraka nyingi zilizofuata. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ufinyu huo humlazimisha mwandaaji kuamua mapema msomaji anataka kujua nini.

Kompyuta zilipozoeleka, nidhamu hiyo ikapotea. Taarifa za mwezi zilipangwa kwa karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210, kisha zikatumwa kwenye simu ambazo vioo vyake havikufika hata theluthi ya upana huo. Mwenye duka alivuta ukurasa kushoto na kulia. Akiifikia safu ya jumla, jina la bidhaa limeshapotelea upande wa pili. Mwandishi wa kumbukumbu hizi anawakumbuka waliochoka, wakairudia kaunta buku, wakawa wanapiga picha ya ukurasa na kuituma kwa WhatsApp. Hawakukosea: mwandiko wao ulisomeka.

Kwa upande wa tovuti, mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kuunda ukurasa unaojipanga wenyewe kulingana na kioo: gridi inayonyumbulika, picha zinazojipunguza, na masharti ya msimbo yanayopima upana kabla ya kupanga safu. Aprili 2015 Google ikaanza kuzipa nafasi ya juu kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, kwa wanaotafuta kwa simu. Mbinu ya Marcotte haikugusa tatizo la bando. Picha iliyopunguzwa kwenye kioo tu hupakuliwa na uzito wake wote, na bando la mteja huweza kuisha hata bei hajaiona. Dawa ni kuipunguza picha kabla ya kuipandisha.

Ripoti nazo zikabadilika. Jedwali pana lilivunjwa, kila bidhaa ikapewa kisanduku chake, jina juu na tarakimu chini. Mauzo ya siku yalitangulia, yakafuata fedha taslimu, madeni ya wateja na bidhaa zinazokaribia kuisha. Maelezo marefu yakawekwa nyuma ya kiungo. Rangi hafifu zilizopendeza ofisini zilififia kwenye jua la mchana, hivyo maandishi meusi juu ya nyeupe yakashinda. A4 ikabaki kwa afisa mikopo.