Mafuta Yaliyopotea Bila Kuacha Alama

Juma lililopita hatukuandika chochote, na baadhi yenu mmetuuliza sababu. Tulikuwa Mtwapa, tumelala kifudifudi ndani ya boti ya mtu, tukitafuta oili.

Boti hiyo ni ya starehe, ya kuvulia samaki wakubwa kwa mishipi. Mwenyewe huishi Nairobi na huja wakati wa likizo. Siku nyingine zote hutunzwa na mzee mmoja, nahodha, muumini wetu wa miaka mingi. Kwa miezi kadhaa mzee alikuwa akiomba fedha za oili, kopo baada ya kopo, na kila mara mwenye boti alipofungua ngama aliikuta kavu. Oili ikivuja huacha alama, alisema. Hii inakwenda wapi? Akampa mzee hadi mwisho wa mwezi aeleze, la sivyo aiache kazi. Mzee alitujia usiku. "Padri, sijauza hata tone moja." Twakiri kwamba hatukumsadiki papo hapo. Tulikwenda zaidi kwa udadisi wa mitambo, ambao tuliupata seminarini tulipokabidhiwa jenereta na pampu ya kisima.

Kwa wasiovijua vyombo hivi: nyuma ya boti, chini kabisa, hufungwa vibao viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja kila upande, kwa bawaba. Kibao kikiteremshwa, maji yanayopita kwa kasi hukisukuma na kuinua upande huo wa tezi, nayo omo hushuka. Hivyo nahodha huilaza boti sawa hata abiria wote wakikaa upande mmoja. Nguvu ya kukiteremsha hutoka kwa pampu ndogo ya umeme wa volti 12, isukumayo oili kupitia kibomba chembamba cha nailoni hadi kwenye silinda; valvu huizuia oili isirudi. Nahodha akitaka kukipandisha, valvu hufunguka na springi iliyomo ndani ya silinda hukivuta.

Kibao cha kulia hakikuwa kikikaa chini. Mzee alikiteremsha, na baada ya dakika chache baharini boti ilianza tena kuinamia kulia. Tulianza na tangi: kiwango kilikuwa chini, ingawa vibao vyote vilikuwa juu, na ndivyo ipasavyo kukipima. Tukafuta kila kiungo, tukakizungushia karatasi nyeupe ya chooni, kwani oili ya mfumo huo ni ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na tone moja lingejionyesha. Tulibonyeza swichi mara kumi. Karatasi zilibaki nyeupe. Hapo, Mungu atusamehe, shaka yetu juu ya mzee iliongezeka.

Ndipo mzee mwenyewe akapendekeza tubadilishane vibomba pale kwenye pampu, cha kulia kiende kwenye valvu ya kushoto na cha kushoto kwenye ya kulia. Ni jaribio la busara, nasi hatukulifikiria. Kama valvu ndiyo mbovu, ugonjwa ungehamia kibao cha kushoto. Haukuhama; cha kulia kiliendelea kupanda polepole. Isitoshe, valvu mbovu huirudisha oili tangini, haiipotezi. Kibomba tulikifuata kwa vidole hadi kinapotokea nje ya ubao wa nyuma, kikavu chote. Ilibaki silinda, nayo imo majini saa zote.

Tulingoja bamvua. Maji yalipojaa mzee aliileta boti juu ya mchanga, na yalipokupwa ikabaki kavu. Alitandika kanga kuukuu nyeupe chini ya silinda ya kulia, tukabonyeza swichi, tukakaa. Kabla ya dakika tano doa jekundu lilitokea, kisha la pili. Fimbo ya silinda ilikuwa imeshikwa na viumbe wale wenye magamba makali wanaong'ang'ania kila kitu baharini. Kila ilipoingia na kutoka walikuwa wakiukwaruza mpira wa duara unaozuia oili. Kila tone lilikwenda moja kwa moja baharini, jambo ambalo nalo si dogo kwa hori ambamo watu wanavua. Ngama ingewezaje kulowa?

Mzee hakusema neno. Sisi ndio tuliosema, tukamwomba radhi hapo mchangani, naye akajibu kwamba hata yeye mwenyewe alikwisha kuanza kuhesabu makopo upya.

Mipira mipya imeagizwa kwa silinda zote mbili, maana zina umri mmoja. Ikishafungwa, tutajaza oili vibao vikiwa juu, tuvipandishe na kuviteremsha mara kadhaa ili hewa itoke, kisha mzee atatia alama ya kalamu kwenye tangi. Mwenye boti alipigiwa simu siku ileile. Aliuliza bei ya mipira, akanyamaza kitambo, kisha akaomba azungumze na mzee peke yake. Tuliondoka tukawaachia simu.