Kilo Saba za Patroni

Katika makanisa yetu ya Masereka, huku mashariki ya Kongo, watu husimama kutoa ushuhuda wa mtoto aliyepona, wa gari lililopinduka bila kuua mtu, wa ndugu aliyetoka salama mikononi mwa watekaji njia ya Beni. Ushuhuda wangu mimi ni wa paka, na najua wapo watakaocheka. Wacheke, ila wanisikilize mpaka mwisho, kwa maana maharagi aliyowekwa paka yule kuyalinda ndiyo yaliyolisha nyumba yetu wakati ilipojaa watu.

Patroni ni dume la rangi ya majivu. Jina alipewa na watoto kwa jinsi alivyokaa mlangoni pa ghala, tumbo mbele, akitazama wapita njia kama mfanyabiashara wa Butembo anayengoja kontena lake kutoka Dubai. Nilimchukua angali mdogo alinde maharagi na mbegu za viazi ninazonunua kwa wakulima na kuziuza mjini. Alipokomaa akaanza vita vya usiku na madume ya majirani, akirudi masikio yamechanika, tukampeleka Butembo akahasiwa. Paka aliyehasiwa mwili wake hutaka chakula kidogo kuliko zamani, lakini hamu yake ya kula huzidi. Hapo ndipo unene wa paka wengi wa nyumbani unapoanzia.

Hamu hiyo kwetu ilipata mtu wa kuishibisha. Mama mkwe anafuga kobai, wale wanyama wadogo wasio na mkia, jikoni chini ya benchi, kama mama wengi wa milima hii ya Lubero. Kobai ni nyama ya mgeni, na shule ikidai pesa ni kobai wanaouzwa kwanza. Hesabu yake mama haikuwa na kosa: paka aliyeshiba hawasumbui watoto wa kobai. Basi asubuhi bugali na mchuzi, mchana viazi vyenye mafuta ya mawese, jioni maziwa. Na kweli, Patroni hakugusa kobai hata mmoja. Hakugusa panya pia.

Halafu vita vikatusogelea. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga, kisha Kirumba, na barabara za kuja huku kaskazini zikajaa watu wenye magodoro vichwani. Ndugu za marehemu mume wangu wakafika kwetu na watoto wao. Jioni watoto walikaa kuizunguka mbabula ya makaa, kila mmoja na sahani yake, na Patroni anapita kwa kila mmoja akidai ushuru. Alilipwa. Mtoto aliyelala porini akisikia risasi, ukimkataza kumgawia paka kiazi chake, unamkataza nini hasa? Paka yule alikuwa kitu cha kwanza alichokikuta kimetulia.

Ghalani mambo yalikuwa mengine. Panya walitoboa magunia chini kwa chini, wakaguguna macho ya viazi vya mbegu, na kiazi kilicholiwa macho hakina mnunuzi wa kukipanda. Patroni alishindwa hata kupanda juu ya gunia. Ukimpapasa ubavuni hukuti mbavu, ukimtazama kutoka juu huoni kiuno, na manyoya ya mgongoni yalishikamana kwa sababu ulimi wake haukufika tena huko. Nikamtia kikapuni, nikamning'iniza kwenye mizani ya samaki sokoni, nikatoa uzito wa kikapu: kilo 7 na gramu 400. Paka wa kwetu wa kawaida hupima kati ya kilo 3 na nusu na 5.

Shemeji yangu mmoja akatoa shauri ambalo karibu kila mtu kijijini angelitoa: afungiwe ghalani bila chakula, njaa itamkumbusha kazi yake. Nilikuwa Butembo na mzigo wa viazi, mvua imekata barabara. Niliporudi nikamkuta kwenye kona, mate yanamtoka, panya wanapita mbele yake. Watu walikuwa wameshamwekea samaki, akageuza uso. Nikafunua sikio lake kwa ndani nikaona rangi ya manjano.

Hapa ndipo wengi hawajui, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Paka si mbwa. Mbwa mnene aweza kushinda na njaa akabaki mzima. Paka mnene akikosa chakula siku chache, mwili huanza kuvuta mafuta yote yale na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini linajaa mafuta, linazubaa, macho na ufizi vinakuwa vya manjano, na ugonjwa wenyewe unamwondolea hamu ya kula. Kwa hiyo chakula unachomwekea baadaye hakimsaidii, hata kiwe kitamu vipi. Atakufa sahani ikiwa imejaa.

Nikamfunga kwenye kitunga, nikapanda moto, yaani pikipiki, kuelekea Butembo kwenye tope. Njiani niliyasikia yote: watu hawana chakula, wewe unapeleka paka hospitali! Sikubishana. Anayesema hivyo hajawahi kufungua gunia la mbegu akakuta maganda.

Butembo ina bahati moja. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na waliosoma pale ndio wanaotibu ng'ombe na mbuzi wa milima yetu. Munganga tuliyemkuta alikuwa mmoja wao. Alimpapasa Patroni, akatazama ufizi, akauliza tu tangu lini hajala. Kisha akasema dawa kubwa ya ugonjwa huu ni chakula chenyewe: alishwe, ataka hataka.

Tukarudi na bomba la sindano lisilo na sindano. Nilichemsha nyama na yai, nikasaga, nikachuja uji mwepesi, na uji huo ukaingizwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo asipaliwe, mara nyingi mchana na tena usiku. Anayeijua baridi ya Masereka saa tisa za usiku ataelewa ninachosema. Aliyenisaidia ni mtoto mmoja wa wale wageni, mvulana ambaye tangu afike kwetu hakuwa akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Yeye alimshika paka kwenye taulo, mimi nikasukuma bomba. Siku zingine nilimkuta ameshaamka kabla yangu, uji ameupasha moto. Usiku mmoja Patroni akaulamba mwenyewe kwenye kidole chake, na mvulana akapiga kelele zilizoamsha nyumba nzima. Mama mkwe alidhani ni wanajeshi.

Ugonjwa ulimwachia kilo 6 na nusu, na bado alikuwa mnene. Safari hii tukaenda kwa maagizo: asipungue zaidi ya karibu asilimia moja ya uzito wake kwa juma, yaani gramu 65 hivi. Mizani ya samaki haioni gramu 65, kwa hiyo tulimpima mwezi kwa mwezi. Hapa kwetu hakuna duka la chakula cha paka, na sikulihitaji. Bugali, viazi na mafuta viliondoka kwenye sahani yake, kwa kuwa paka ni mla nyama na wanga anaozidishiwa unageuka mafuta. Vikaingia moyo na pafu la ng'ombe, vitu ambavyo mchinjaji huviuza bei ndogo, yai mara moja moja, na samaki wadogo waliolowekwa kutoa chumvi kisha wakachemshwa. Nyama hakuachishwa kamwe. Ndani yake mna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kumtosha, na akikikosa macho na moyo huharibika. Maziwa yalikatazwa, kwa kuwa paka wengi wakubwa huwaharisha tu.

Mchuzi wetu nao ulikatazwa, na hilo lilizua maneno. Masereka ni nchi ya puaro, ndugu ya kitunguu, na kila sufuria ina puaro au kitunguu. Mama mkwe alikasirika kusikia kwamba kitu kinacholisha familia hii ni sumu kwa paka, kiwe kibichi au kimepikwa, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu. Aliniuliza kama munganga huyo alipata kula supu maishani mwake.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa watu. Nilimkabidhi mvulana yule sahani ya Patroni, nikatangaza kwamba paka huyu analishwa na mkono mmoja, na anayetaka kumpa kitu akamwombe yeye ruhusa. Watoto walilitii neno la mwenzao kuliko langu. Yeye ndiye aliyebuni kuficha vipande vya nyama ghalani, kwenye ngazi na juu ya magunia, ili Patroni avitafute kwa miguu yake. Kwa mama mkwe nililipa seremala akajenga kizimba cha mbao cha kobai, chenye mlango na komeo. Bila kizimba kile asingekubali paka apungue hata gramu moja, na kwa hilo nampa haki yake.

Kufikia Pasaka ya 2025 Patroni alipima kilo 5 na gramu 100. Anapanda magunia, analala juu ya lile la mwisho karibu na bati, na asubuhi nakuta mikia ya panya sakafuni. Panya hawajaisha, sisemi uongo. Kobai mmoja ameliwa, siku komeo lilipoachwa wazi, na habari zake huzungumzwa nyumbani kwetu mpaka leo.

Wewe uliye na paka mnene, usimfungie na njaa. Mpunguzie polepole, umwachie nyama, na akikataa chakula kutwa nzima usingoje kesho kutwa: mpeleke kwa munganga wa wanyama, hata kama ni kwa moto na kwenye tope.