Foleni Isiyoonekana

Nilipoanza kuandika programu za madirisha, chini ya mfumo wa X ulioasisiwa MIT mwaka 1984 na Robert Scheifler na Jim Gettys, na ambao toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, fikra yangu mintarafu ya vitufe na kipanya ilikuwa nyepesi: mtu hubonyeza, programu hupata habari. Kumbe baina yao mna seva, mna soketi, na mna maktaba ya Xlib, ambayo huweza kusoma matukio mengi kwa pamoja na kuyaweka katika foleni yake yenyewe, hata ikiwa programu imeomba moja tu.

Sisi wa Maparoni, katika mito na mikoko ya delta ya Rufiji, twamjua mtu ashindaye kutwa kando ya maji akingojea mashua itokayo Nyamisati, ilhali mzigo wake ulikwisha teremshwa jana magharibi na umo bandani. Ndivyo igandavyo programu inayolala katika poll, ambayo hutazama soketi peke yake. Mtumiaji akitikisa kipanya, yazinduka na kulikuta tukio la zamani likingoja.

Dawa ilikuwa XEventsQueued. Ukiipa QueuedAlready, huhesabu yaliyomo folenini bila ya kugusa soketi. Ukiipa QueuedAfterReading, nayo foleni ikawa tupu, husoma kwanza. Na kwa QueuedAfterFlush, foleni ikiwa tupu vilevile, hutuma maombi yaliyolimbikizwa, kisha ndipo isome. XPending ni hiyo ya mwisho kwa jina jingine, jina nisilolipenda, kwani lasikika kama swali tupu nalo ni kitendo. Lakini kitendo chenyewe ni cha busara, maana ikijibu sifuri, maombi yamekwisha kwenda na programu yaweza kulala salama.

Wengi wa zama zile waliiuliza XPending mfululizo, pasi na kulala, na kwa kompyuta zilizochomekwa ukutani hapana aliyejali. Mwenye kompyuta inayotegemea betri ya sola, kama nilivyokuwa nyumbani, huona chaji ikiteketea bure.

Kisha ikaja maktaba ya XCB, iliyoanzishwa na Bart Massey mwaka 2001, ambamo xcb_poll_for_event huuliza tu, na kutuma ni juu yako kwa xcb_flush. Wayland, aliyoianza Kristian Høgsberg mwaka 2008, ikaigeuza adabu ya kuitazama foleni kabla ya kulala kuwa sheria: wl_display_prepare_read hukataa katakata maadamu folenini mna tukio lisiloshughulikiwa. Waandikao kwa maktaba za GTK au Qt hata hilo hawalioni, wala sidhani kama wamepungukiwa, ila siku dirisha linapoganda.